Senda Berenson, mwalimu aliyetuliza basketi ya wanawake

Wachezaji wakipigana mu kiwanja, sisi wote tunauliza paka jambo moja: nani aazibiwe? Nani alianza, nani alirudisha, wamufungie mechi ngapi? Ni wachache wanaouliza kama sheria ya muchezo yenyewe njo ilizaa ile vita. Senda Berenson aliuliza vile zaidi ya miaka 130 iliyopita, na jibu lake lilibadilisha basketi ya wanawake mu masomo makubwa ya Marekani.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1868 ku Butrimonys, mu inchi ya Lituania, wakati ule chini ya mufalme wa Urusi. Walikuwa jamaa ya Wayahudi. Baba alitangulia ku Boston, akawa anazunguka akiuza vyombo vya nyumba, na mu 1875 mama na watoto wakamufuata. Kaka yake Bernard alikuja kuwa mujuzi mukubwa wa picha za zamani za Italia. Senda yeye alikuwa na afya kidogo. Alipenda sana piano, lakini mugongo ulimuuma mpaka akaiacha. Mu 1890 akaingia masomo ya walimu wa jimnastiki ku Boston. Mwanzoni hakuipenda, lakini pole pole mwili ukapata nguvu, na ile kazi ikawa yake.

Mu Januari 1892 alianza kufundisha ku Smith College, masomo makubwa ya wanawake tupu, ku Northampton. Karibu na pale, ku Springfield, James Naismith alikuwa amevumbua basketi mwezi moja tu mbele. Senda alisoma habari ya ule muchezo mupya, akaupeleka kwa wanafunzi wake.

Naismith hakusahau nizamu. Mu sheria zake 13 za kwanza alikataza kusukuma, kushika, kupiga na kutega mwenzako. Ukirudilia kosa, unatoka mpaka goli lingine lifungwe. Na kama ilionekana ulitaka kuumiza mwenzako, unatoka mechi nzima, na hakuna wa kuingia mu nafasi yako. Ni azabu kali, lakini inakuja kisha mutu kuumia.

Mu Machi 1893 Senda alipanga mechi: wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wale wa mwaka wa pili. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Mupira ulitupwa juu mara ya kwanza, na palepale kapiteni mumoja akateguka bega. Walilirudisha mahali pake, muchezaji mwingine akaingia, mechi ikaendelea.

Lakini hatari ilikuwa kubwa kupita bega moja. Siku zile, madaktari na wakubwa wengi walisema mwili wa mwanamuke ni zaifu, masomo na mbio vitamuharibu. Kama wasichana wangeonekana wanaangushana na kukwaruzana juu ya mupira, wale wakubwa wangepata sababu ya kufunga mulango. Kulikuwa na njia mbili nyepesi: kukataza muchezo, ao kufukuza wasichana wakali mumoja-mumoja. Senda hakuchukua hata moja. Aliangalia vita inazaliwa wapi.

Aliona inazaliwa mahali tatu. Kwanza, mikono inayonyang'anya mupira mu mikono ya mwenzake: akakataza kunyang'anya. Pili, mutu anakaa na mupira, wengine wote wanamurukia: akasema usiushike kupita sekunde tatu, na usiudundishe kupita mara tatu, mupe mwenzako. Tatu, watu wote wanakimbilia kona moja: akagawanya kiwanja sehemu tatu, kila muchezaji abakie mu sehemu yake. Muchezo ukawa wa kupasiana. Mu 1899 komite ilikaa kupanga sheria za wanawake, mu 1901 zikatoka mu kitabu, na ni yeye aliyekitengeneza. Miaka mingi alibakia mu kazi ya kuzichunga.

Sisi wa mu mines tunaelewa ile fikiri. Kama kila wiki mutu anaumia mahali pamoja, usimalize kazi kwa kuandikia mufanyakazi barua ya azabu. Angalia ile nafasi na namna kazi inapangwa.

Lakini historia haikuishia pale. Senda hakupenda mashindano kati ya masomo mbalimbali. Aliogopa hamu ya kushinda na kelele za watazamaji vitapoteza wasichana akili. Wengine hawakumungojea. Tarehe 4 Aprili 1896 wasichana wa Stanford walicheza na wale wa California, wakashinda 2 kwa 1. Na ile mistari ya kiwanja, iliyochorwa juu ya kuchunga mutu, ikageuka kamba. Kwa miaka mingi, aliyewekwa mulinzi hakufunga hata goli moja, juu alikatazwa kuvuka. Mu 1971 tu njo wanawake wa masomo makubwa walipata sheria ya watu watano na kiwanja kizima.

Senda mwenyewe alitoka Smith mu 1911, alipoolewa na Herbert Vaughan Abbott, mwalimu wa Kiingereza pale pale. Akafundisha mahali pengine mpaka 1921. Alikufa tarehe 16 Februari 1954 ku Santa Barbara, California. Mu 1985 jina lake likaingia mu nyumba ya heshima ya basketi ku Springfield, kati ya wanawake wa kwanza kupokelewa mule.

Wenye kufundisha binti zetu mupira wachukue kwake mambo mawili. Mbele ya kufukuza mutoto, chunguzeni sheria na namna munavyomufundisha. Na sheria ya kuchunga mutu lazima iangaliwe tena kila mara pamoja na yule anayechungwa, juu siku moja inaweza kumufunga.