Paroko wa Ars na Sifa za Watu
Mwaka 1818 Padre Yohane Maria Vianney alitumwa Ars, kijiji kidogo cha Ufaransa chenye watu kama 230. Baadaye wahujaji walimiminika huko kwa maelfu, na picha zake zikauzwa njiani, jambo lililomchukiza sana. Mapadre wenzake walipoandika barua ya kumshtaki kwa Askofu kuwa ni mjinga, nayo ikamfikia mkononi, aliitia sahihi yake akaituma. Sisi tungaliichana! Lakini twaona adui wake wa hatari hakuwa aliyemshtaki, bali yule aliyenunua picha. Mwaka 1843 alitoroka usiku, apate kulilia dhambi zake peke yake, watu wakamfuata. Mwaka 1853 akajaribu tena. Wakamzuia njiani, naye akarudi kanisani, akaketi katika kiti cha kitubio.