Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kalamu na Kiti cha Kadhi Mkuu

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, katika ukoo uliowahi kuutawala mji huo hadi mwaka wa 1837. Babaye, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni mashuhuri, lakini alifariki mwanawe angali mdogo. Malezi na masomo yake yakasimamiwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Baadaye alivuka bahari hadi Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir.

Jina lake lilivuma kwa kalamu kabla ya cheo. Mwaka wa 1930 alianzisha Sahifa, jarida la Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mwaka wa 1932 likafuata gazeti la Al-Islah. Humo aliwakemea wenzake waliouza ardhi yao na kutapanya mali katika karamu, akahimiza elimu ya wavulana na wasichana, na akaonya dhidi ya kuwaiga Wazungu kibubusa. Baadhi ya makala hayo yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi (1944).

Mwaka huohuo wa 1932, serikali ya kikoloni ilimteua kuwa kadhi wa Mombasa, na mwaka wa 1937 ikampandisha kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mhakiki wa athari za ukoloni akawa ofisa katika idara yake ya mahakama. Isitoshe, kiti chenyewe kilikuwa kimebanwa: kadhi aliachiwa hasa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, ilhali jinai ilikuwa mikononi mwa mahakimu wa serikali. Hata hivyo, kukikataa kungekuwa kuwaachia wengine kuamua haki ya mjane na fungu la yatima. Alikikalia hadi alipofariki mwaka wa 1947.

Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyefuata nyayo zake, walikuja kushika wadhifa uo huo katika Kenya huru, nao pia wakaandika kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka wa 2010 imeuhifadhi wadhifa huo katika Kifungu cha 170. Uteuzi ulimpa Sheikh Al-Amin mamlaka yenye mipaka. Heshima iliyomfanya asikilizwe na watu wa pwani alikuwa ameichuma mwenyewe, kwa elimu yake na kwa lugha waliyoielewa.