Mtawa Aliyepima Mito



Nikiwa nasoma falsafa, kijana mmoja parokiani aliniuliza: yeye anasomea uhandisi wa maji, sasa hiyo inamhusu nini Mungu? Kusema kweli, sikuwa na jibu. Leo ningemsimulia habari za Benedetto Castelli.

Alizaliwa Brescia, Italia, mwaka 1578. Mwaka 1595 akaingia utawani kwa Wabenediktini. Baadaye akajifunza hisabati Padua kwa Galileo Galilei, na tangu 1613 akawa yeye mwenyewe mwalimu wa hisabati kule Pisa.

Maji yaliingiaje? Kwa kutumwa tu. Mto Reno, upande wa Bologna na Ferrara, ulikuwa unafurika na kuharibu mashamba, na miji hiyo miwili ikawa inagombania uelekezwe wapi. Mwaka 1625 Castelli akafuatana na Monsinyori Corsini, mjumbe wa Papa Urbano VIII, kwenda kukagua.

Akagundua kosa. Watu walipima upana na kina cha mto, wakasahau kasi yake. Castelli akaonyesha kwamba mto ukibanwa hukimbia, ukipanuka hutulia, lakini maji yanayopita kwa saa moja ni yaleyale. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1628, na wahandisi wa mito mpaka leo wanaanzia hapo. Mwaka 1639, Ziwa Trasimeno likiwa limepungua kwa ukame, aliweka chombo cha kioo mvuani kwa saa moja, akapima maji yaliyoingia, ili akadirie ziwa limepanda kiasi gani.

Lakini kinachonigusa zaidi ni mwaka 1633, Galileo alipohukumiwa na Kanisa. Fikiria yuko katikati: huku mwalimu wake, huku Mama Kanisa. Hakumkana rafiki, wala hakuacha utawa. Alifariki Roma mwaka 1643 akiwa bado Mbenediktini.

Basi ndugu yangu unayesomea maji, jibu langu ni hili: kipimo cha uongo huzamisha shamba la jirani. Kupima kwa uaminifu ni njia mojawapo ya kumpenda.

Tafakari: kazi gani umetumwa leo, nawe unaiona haina Mungu ndani yake?

Ee Bwana, utujalie kukutumikia kwa akili zetu pia. Amina.