Al-Baladhuri na Dawa ya Kuhifadhi

Wazazi wa hapa Mamba, mkoani Katavi, hutuuliza mara kwa mara dawa ya kumpa mtoto ili ahifadhi upesi masomo yake. Kabla ya kujibu, tumtazame mwanazuoni aliyebeba jina la dawa ya namna hiyo.

Ahmad bin Yahya bin Jabir al-Baladhuri aliishi Baghdad katika karne ya 3 Hijria. Alisafiri kutafuta elimu hadi Damascus, Homs na Antiokia, akasoma kwa Ibn Saad na al-Madaini, kisha akawa mwandani wa Khalifa al-Mutawakkil. Ndiye mwandishi wa Futuhul Buldan, na wa Ansabul Ashraf, kitabu kikubwa zaidi ambacho hakukikamilisha.

Baladhuri yenyewe ni tunda la mti wa Bara Hindi, wa ukoo mmoja na mkorosho. Ganda lake lina mafuta yaunguzayo ngozi, mfano wa yale wayajuayo wabanguaji wa korosho kule Mtwara. Madobi wa India waliyatia alama nguo kwayo. Matabibu wa kale waliamini kuwa hunoa kumbukumbu. Wanahistoria wamepokea kwamba al-Baladhuri aliinywa bila kuijua, akarukwa na akili mwishoni mwa umri wake, akafungwa katika hospitali na kufia humo, yapata mwaka 279 Hijria (892).

Yaqut al-Hamawi alilitilia shaka jambo hili. Babu yake, Jabir, aliyekuwa karani Misri, alikwisha kuitwa al-Baladhuri. Basi huenda mnywaji ni yeye. Hoja hiyo twaiona ina nguvu, kwani babu harithi lakabu ya mjukuu.

Imam az-Zuhri, aliyefariki mwaka 124 Hijria, alipendelea asali na zabibu. Asali ya misitu ya Katavi ni chakula chema, ila tusiiuze kwa jina la dawa ya akili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasipewe vidonge vya vitamini B na E wala mafuta ya samaki kwa nia ya kuzuia akili kudhoofu. Kinachomdhuru mtoto kwa hakika ni kukosa madini joto, na kupungukiwa damu kwa ukosefu wa madini chuma. Mzazi aliyetenga fedha za vidonge na aangalie kwanza chumvi ya jikoni kwake kama ina madini joto, anunue maharage na samaki wa Ziwa Rukwa, na mwanawe anywe uji kabla ya kwenda darasani.