Askofu Steere: Mwanasheria wa London ambaye Kiswahili chake kingali kikiimbwa Embu na Meru

Katika makanisa ya Kianglikana yaliyo miteremkoni mwa Mlima Kenya, kuanzia Kigari na Runyenjes hadi mjini Meru, vijana wamekuwa wakileta vinanda vya umeme, magita na nyimbo za kuchezwa kwa muda mrefu sasa. Hata hivyo, anapozikwa mzee wa kanisa, anapowekwa wakfu askofu au inapofika Ijumaa Kuu, vyombo hivyo hunyamaza kidogo na vitabu vya zamani hufunguliwa. Kina mama waliovaa vitambaa vyao vya kichwa huimba beti zote bila kutazama kitabu. Makanisa ya mashambani huimba kwa Kikuyu, Kiembu au Kimeru. Mjini, ambako Mmbeere huketi karibu na Mtharaka na Mmeru karibu na Mkamba, lugha ya kuwaunganisha huwa ni Kiswahili.

Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ya kuwezesha ibada ya namna hiyo kwa Kiswahili hakuwahi kukanyaga Embu wala Meru. Alifariki mwaka wa 1882, miaka 28 kabla ya wamishonari wa shirika la CMS kufungua kituo cha Kigari hapo 1910. Jina lake ni Edward Steere, askofu wa tatu wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei, 1828. Babake alikuwa wakili, naye akafuata nyayo hizo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya sheria hadi ile ya udaktari, na mwaka wa 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Kazi hiyo haikumkaa moyoni. Alijaribu maisha ya udugu wa kidini katika mji wa Tamworth, jambo ambalo halikudumu, na mwaka wa 1856 akapewa ushemasi. Alioa mwaka wa 1858, kisha akawa kasisi wa Little Steeping, kijiji kidogo katika jimbo la Lincolnshire ambako ardhi ni tambarare na watu ni wakulima. Pengine angefia huko, akiandika vitabu vya falsafa ya dini ambavyo wachache wangevisoma.

Kilichombadilishia njia ni urafiki. Jirani yake, kasisi William Tozer, alichaguliwa kuwa askofu wa UMCA baada ya askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, kufa kwa homa mwaka wa 1862 katika bonde la mto Shire. Misheni hiyo ilikuwa imeundwa kutokana na wito alioutoa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka wa 1857, na kufikia wakati huo ilikuwa imepata makaburi mengi kuliko waumini. Steere alijitolea kumsindikiza rafikiye kwa muda mfupi tu. Mkewe alibaki Uingereza. Waliondoka mwaka wa 1863, wakaona hali ilivyokuwa mbaya kule Shire, na mwezi Agosti 1864 wakatia nanga Unguja.

Uamuzi wa kuhamia Unguja ulilaumiwa sana huko Uingereza, kwa kuwa ulionekana kama kuikimbia kazi ya bara. Lakini Unguja ndiko misafara yote ya bara ilikokuwa ikielekea, na ndiko kulikokuwa na soko kubwa la watumwa. Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa, wakakabidhiwa kwa askofu na Sultani Majid. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kiswahili walikuwa wakijifunza, sawa na mwalimu wao.

Hapa ndipo wakili wa zamani alipopata kazi yake ya kweli. Steere hakuwa Mzungu wa kwanza kuandika Kiswahili. Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa amekwisha kufanya hivyo Mombasa tangu miaka ya 1840, na ndiye yuleyule aliyeuona Mlima Kenya kutoka Ukambani mwezi Desemba 1849. Tofauti yao ni kwamba Krapf alisikiliza lahaja ya Kimvita, naye Steere akasikiliza Kiunguja. Aliketi na watu, akaandika walivyosema, akawasomea tena, akakosolewa. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Hamisi wa Kayi. Naye Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu hadi Kiswahili kilicho safi kabisa.

Kisa hicho cha Sheikh kinastahili kutuliwa. Mwanachuoni wa Kiislamu akiwatafsiria Wakristo Zaburi za Daudi si jambo ambalo wengi wangelitarajia, hasa katika mji ambao Wakristo walikuwa wachache mno. Kazi haikufika mbali kwa sababu Sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Zaidi ya hayo, Steere aligundua kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi kupita kiasi, kimejaa Kiarabu, wala kisingeeleweka na watoto waliotoka Nyasa na Uyao. Akachagua lugha ya watu wa kawaida. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ndio uamuzi uliokuwa na matokeo makubwa kuliko mengine yote maishani mwake, hata kuliko kanisa alilolijenga. Mtoto wa Embu anayeisikia sala kwa Kiswahili leo bila kuhitaji mkalimani ananufaika na uteuzi huo uliofanywa chumbani Unguja zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Mnamo 1868 Steere alirejea Uingereza. Mwaka wa 1870 vikatoka vitabu viwili: kile cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na kile cha hadithi za Waswahili, ambamo kuna visa vya Sultani Darai na vya punda wa dobi. Mkenya aliyesimuliwa shuleni kuhusu kima aliyemdanganya papa kuwa ameuacha moyo wake mtini amekutana na kazi ya Steere, hata kama mwalimu hakumtaja.

Mwaka wa 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaharibu majengo ya misheni. Tozer alikuwa mgonjwa, na mwaka uliofuata akajiuzulu. Steere alirudi huko mwaka huohuo wa 1872. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa na kupiga marufuku usafirishaji wao baharini. Ni vyema ikumbukwe kuwa utumwa wenyewe haukufutwa siku hiyo. Sheria ya kuufuta Unguja ilikuja mwaka wa 1897. Kwa hivyo lile kanisa lilijengwa katika mji ambao watu wengi walikuwa bado mali ya watu wengine.

Misheni ilipata uwanja wa soko hilo mtaani Mkunazini, sehemu yake ikiwa zawadi ya mfanyabiashara Mhindi aliyeitwa Jairam Senji. Siku ya Krismasi 1873 jiwe la msingi likawekwa. Mwaka wa 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa la Westminster Abbey, London, kisha akarudi kuwa msimamizi wa mafundi.

Kujenga kanisa kuu la Kiingereza katika joto la Unguja halikuwa jambo rahisi. Mbao huliwa na mchwa. Steere akaamua paa lote liwe zege, mawe ya matumbawe yaliyochanganywa na saruji, likipinda kama nusu ya pipa kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuwa mhandisi. Wapo waliotabiri kuwa mbao za kushikilia zikiondolewa tu, paa litawaangukia waliomo. Mbao zikaondolewa, na paa likasimama. Madirisha yana ncha za juu kwa mtindo wa Kizungu, lakini jengo lenyewe lina sura ya Kiarabu pia, ishara ya mikono iliyolijenga. Karibu na mlango zipo nguzo fupi zilizosimamishwa juu chini. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha zilivyo.

Inasimuliwa pia kuwa altare ipo pale palipokuwa na mti waliofungwa watumwa wakichapwa, na duara la marumaru limewekwa sakafuni kupatambulisha. Wageni huonyeshwa na vyumba vya chini ya ardhi vinavyosemwa kuwa walihifadhiwa watumwa. Baadhi ya wanahistoria wanashikilia kuwa vyumba hivyo vilijengwa baada ya soko kufungwa, na ni busara kutofautisha kumbukumbu na biashara ya utalii. Lisilo na shaka ni uwanja wenyewe. Watu waliuzwa pale, na miaka michache baadaye watu waliokuwa wameuzwa walisimama palepale wakiimba zaburi. Mmoja wa vijana waliolelewa na misheni tangu siku za mwanzo, John Swedi, alipewa ushemasi na Steere mwaka wa 1879.

Askofu hakukaa kisiwani tu. Mwaka wa 1875 alitembea hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao, mashariki mwa Ziwa Nyasa. Mwaka wa 1876 aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa ili wapate makao bara, na wakaanzisha kijiji Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo. Aliporudi, kazi ya kutafsiri ikaendelea usiku: Agano Jipya, kitabu cha sala, zaburi na nyimbo. Kiwanda kidogo cha kuchapa kiliendeshwa na vijana wa misheni wenyewe, hivyo karatasi ilitoka mezani mwa askofu ikafika mikononi mwa waimbaji bila kwenda Ulaya.

Ugumu wa kutafsiri nyimbo hizo huwa hautajwi. Wimbo wa Kiingereza kwa kawaida humalizia mstari kwa neno fupi lenye mkazo. Kiswahili kina kanuni yake isiyobadilika, mkazo upo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Noti nzito ya mwisho inapoangukia silabi ya mwisho, jina la Bwana huimbwa kana kwamba uzito wake uko kwenye "na". Watafsiri wa nyimbo wa zama zile walipaswa kuchagua: kuvunja sauti ya lugha au kuvunja wimbo. Mara nyingi lugha ndiyo iliyovunjwa. Kwa lugha za Mlima Kenya mambo ni magumu zaidi, kwani Kiembu, Kimeru na Kikuyu hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na wimbo ulioletwa kutoka Uingereza hupanda na kushuka kwa hiari yake. Kwa upande huo Kiswahili, ambacho hakina toni, kilikuwa afueni. Labda ndiyo sababu wazee wengi wa Embu na Meru, ambao Kiswahili si lugha yao ya mama, hawakukiona kuwa kigeni kanisani.

Mwaka wa 1882 Steere alikwenda Uingereza kupumzika. Hakukawia kurejea, na muda mfupi baada ya kufika Unguja, mwishoni mwa mwezi Agosti, akafariki ghafla akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka wa 1891, ikamaliziwa na wenzake.

Kiunguja hakikuingia Kenya bila upinzani. Wamishonari wa CMS wa Mombasa walishikilia kuwa Kimvita ndicho chenye ushairi na heshima, wakatoa Biblia yao mwaka wa 1914. Kwa mtu anayeyapenda mashairi ya Muyaka, hoja yao haikuwa dhaifu hata kidogo. Hatimaye mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi. Biblia ya pamoja ilipotoka mwaka wa 1952, mabishano hayo yalikuwa yamekwisha kanisani, japo si katika nyumba za washairi.

Huku Mlima Kenya, makanisa ya Kiprotestanti yaligawana nchi. Waanglikana walichukua Embu, Wamethodisti wakafika Kaaga, Meru, mwaka wa 1912, nao Wapresbiteri wa Scotland wakashika Chogoria. Ndiyo maana Uanglikana wa Meru ni mchanga kuliko wa Embu, na ulisambaa zaidi kwa watumishi wa serikali, walimu na wafanyabiashara waliohamia mjini, watu wa lugha mbalimbali waliohitaji Kiswahili. Mwaka wa 1975 pande zote mbili ziliwekwa katika dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki chini ya askofu David Gitari. Embu ikapata dayosisi yake mwaka wa 1990, na baadaye Meru nayo. Gitari mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kutengeneza ibada yenye sura ya Kiafrika, na liturujia ya Kenya iliyotolewa mwaka wa 1989 ilisifiwa hadi ng'ambo. Nyimbo za kale hazikuondoka. Ziliimbwa kabla na baada ya sala hizo mpya.

Leo waalimu wa kwaya wanaofundisha vijana wa Embu mjini hukumbana na tatizo lilelile la miaka ya 1870. Kijana aliyezoea muziki wa redio hutaka mkazo uwe mahali pake. Mwalimu humwambia auvute ule mwisho, kwa kuwa bibi yake aketiye benchi la tatu atauvuta tu.