Mbaraka Mwinshehe: Gitaa Lililolibeba Jina la Morogoro

Ukimtajia Morogoro mtu mzima yeyote aliyekuwa na redio miaka ya 1970, awe wa Mwanza, Nairobi au Mombasa, hachelewi kumtaja Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Ni miaka mingi tangu atutoke, lakini ni wachache walioutangaza mji wetu kasoro bahari kama yeye. Katika toleo la mwaka huu tumeona ni vema vijana wetu wamfahamu na wazee wetu wamkumbuke.

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944. Mwaka huo huo ndipo ilipoanzishwa Morogoro Jazz Band, bendi aliyokuja kuipatia umaarufu wake mkubwa. Neno jazz lisitupotoshe. Huku kwetu halikumaanisha muziki wa New Orleans, bali bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma na saksafoni, iliyochanganya rumba ya Cuba na ya Kongo na mapigo ya nyumbani. Bendi nyingi zilibeba majina ya mahali: Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Dar es Salaam Jazz. Bendi ilikuwa fahari ya watu wake, kama timu ya mpira.

Morogoro ilikuwa na udongo mzuri wa kuotesha muziki. Reli ya Kati ilipita hapa, mashamba ya mkonge yalileta wafanyakazi wa makabila mengi, na kila mwisho wa mwezi palikuwa na watu wenye mshahara mfukoni wanaotaka kucheza dansi. Mji mmoja ukawa na bendi mbili kubwa. Cuban Marimba iliongozwa na Salum Abdallah, na alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, Juma Kilaza akaiendeleza. Upande wa pili ilikuwa Morogoro Jazz. Ushindani wao ulimnufaisha kila mpenda dansi, maana hakuna bendi iliyothubutu kulala.

Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka kama ishirini. Muda si mrefu akawa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi kwa pamoja. Gitaa lake lilikuwa kama mtu wa pili anayeimba: sauti yake ikinyamaza, nyuzi zinaendeleza hadithi. Alitunga juu ya mapenzi, fedha, maisha ya mitaani na mambo ya taifa. Mtaa wa Saba, Jogoo la Shamba na Pesa No. 1 ziko hai hadi leo, na Dk. Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi 1971, naye aliimbiwa. Mwaka 1970 bendi ilisafiri hadi Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70. Jina la Morogoro likafika mbali kuliko reli yetu.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka na kuunda Orchestra Super Volcano. Hakuna aliyebaki na shaka kama angeweza kusimama mwenyewe. Wimbo wa Shida, unaofahamika pengine kuliko nyimbo zake zote, ni wa kipindi hiki.

Hapa sisi tunaoshughulika na hesabu tunatua kidogo. Redio Tanzania ilirekodi bendi zetu kwa ajili ya kurusha hewani, lakini kiwanda cha kufyatulia santuri hatukuwa nacho. Santuri zilitengenezwa Nairobi, na mauzo yakaandikwa katika vitabu vya huko. Hata baada ya mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa mwaka 1977, Kenya ilibaki kuwa soko lake kubwa. Huko ndiko alikokuwa Januari 1979 alipopata ajali ya gari Mombasa. Alipoteza damu nyingi, akafariki akiwa na miaka 34. Baada ya kifo chake, santuri za Ukumbusho ziliendelea kutolewa na kuuzwa nchini Kenya.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, sisi tulimtunza? Tukifunga hesabu kwa haki, tutaona kwamba mji ulimpa kitu kikubwa mwanzoni: bendi iliyokuwapo tayari, vyombo vya kushika, na wakubwa wa kumfundisha. Bila hivyo Mbaraka angebaki kijana mwenye sikio zuri tu. Upande wa pili wa daftari ni mwembamba. Studio, kiwanda na soko vilikuwa kwa wengine, nasi tukabaki na jina. Jina ni fahari, lakini halilipi ada ya mtoto.

Kipaji hakikuisha mwaka 1979. Yupo mtoto Kilosa, Mvomero, Matombo au Kihonda mwenye mkono mwepesi wa gitaa, wa hesabu au wa ufundi, ambaye hajapata chombo wala mwalimu. Ndugu mwana-Morogoro, kadi ya ahadi itakapokufikia, mkumbuke huyo mtoto. Waliochanga zamani ili bendi ya mji ipate vyombo hawakujua kama atatokea Mbaraka. Walichanga tu, naye akavikuta.