Ngome ya Rosemary Sutcliff

Katika watunzi wa hadithi za kale wa Uingereza, nisiyemsahau ni marehemu Rosemary Sutcliff. Alizaliwa mwaka 1920, binti wa afisa wa jeshi la majini. Angali mdogo alishikwa na maradhi ya viungo yaliyomlemaza, na umri wake mwingi ukapita juu ya kiti cha magurudumu. Alichelewa kujua kusoma; mamake ndiye aliyekuwa akimsomea hadithi.

Alianza kwa kuchora picha ndogo ndogo, kisha akashika kalamu. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha The Eagle of the Ninth. Humo yumo Marcus, akida kijana wa Kirumi aliyekabidhiwa ngome ya mbali huko Uingereza. Wenyeji waliochoka kutawaliwa wanapoinuka, Marcus anatoka kuwaokoa askari wake wa doria, anajitupa mbele ya gari la vita la farasi, na mguu wake unaharibika. Ngome inapona, lakini uaskari wake umekwisha.

Hapo ndipo nilipomfahamu bibi huyu. Mwingine angeimaliza hadithi kwa ushindi ule. Yeye ndipo anapoianzia. Marcus, huku akichechemea, anauvuka ukuta wa Hadrian kwenda kuitafuta sanamu ya tai, alama ya jeshi la babake lililopotea.

Mwenyewe safari za miguu hakuziweza, ila nilipomsoma nilihisi baridi ya milima ile.

Alifariki mwaka 1992. Kile kiti kilikuwa ngome yake, naye hakuisalimisha.